Usikubali gata iunganishwe na chemba ya choo

Ndugu, weka kando kwanza maswali mengine. Umeuliza mambo manne kuhusu kutayarisha mabomba ya nyumba yako Nyamasaria, Kisumu, kabla mvua za Machi hazijaanza, na katikati ukataja kijuujuu kwamba fundi anataka kupeleka paipu ya gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) kwenye chemba ya choo, kile kishimo chenye mfuniko kwenye njia ya maji taka, kwa kuwa iko karibu na utaokoa gharama ya mtaro. Kataa. Kama ameshachimba, afukie.

Sisi tuliambiwa maneno hayo hayo na fundi wetu, tena kwa uhakika wa mtu ambaye halali humo. "Maji ni maji, mama." Kiangazi chote nyumba ilikuwa shwari. Ilipofika Aprili, mvua kubwa ikapiga usiku, choo kikaanza kububujika bila mtu kukigusa. Punde tundu la sakafu ya bafu likatapika maji meusi yenye vipande vya karatasi, yakapita chini ya mlango mpaka kwenye magodoro ya watoto. Yalitokea bafuni kwa sababu hilo ndilo tundu lililo chini kuliko yote, na maji taka yakikosa pa kwenda hurudi kwa kuanzia hapo.

Hebu piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 12 kwa 10, mvua ya milimita 40, ambayo Kisumu si ajabu jioni moja ya masika: lita 4,800. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, ingechukua karibu siku kumi kumwaga maji hayo. Wewe unataka kuyapitisha kwa saa moja au mbili kwenye septiki, lile tangi la chini ya ardhi ambako chemba inapeleka maji taka!

Septiki inataka utulivu. Uchafu mzito unazama, mafuta yanaelea, na maji ya katikati yanatoka polepole kwenda shimo la kunyonya, ambamo yanapenya udongoni. Yanahitaji kutulia humo kama siku nzima. Maji ya paa yakiingia kwa kasi yanatibua tope lote na kulisukuma shimoni, na kuta za shimo zikishaziba na tope hilo, basi. Hapo ndipo pesa zetu zilipoishia. Tuliita gari la kunyonya maji taka, likanyonya, kesho yake septiki imejaa tena, kwa sababu udongo mweusi wa upande huu wa uwanda wa Kano ukishalowa haupokei kitu, na maji ya ardhini yenyewe yanarudi ndani. Ilibidi shimo jipya lichimbwe. Fundi hapokei simu zetu mpaka leo. Mtu aliyefanya kazi ya mabomba miaka yote hiyo anajua maji ya paa yanaenda wapi; alitaka tu kumaliza mapema alipwe. Na huu ni mji unaokijua kipindupindu, ambapo watu wengi bado wanachota maji visimani.

Hata kama utamfukuza fundi wako, usiamini kwamba nyumba yako ni salama. Huenda aliyejenga alishaunganisha zamani. Koroga bluu ya kufulia kwenye ndoo ya maji, mtu apande ngazi aimwage kwenye gata, wewe usimame kando ya chemba iliyofunguliwa. Ukiona bluu inapita, paipu ikatwe kabla ya mvua. Fungua chemba ndogo tu, si tangi lenyewe, na usiinamishe kichwa ndani: ile gesi inaua.

Maji ya paa yana sehemu mbili tu za kwenda: kwenye tenki, au kwenye mtaro wake unaoelekea mbali na shimo la kunyonya. Ukiyapeleka kwenye tenki, safisha gata sasa, na mvua ya kwanza iache imwagike nje, maana inabeba vumbi la kiangazi chote na kinyesi cha ndege.

Hukusema kama mna kisima hapo uani. Kama kipo, kiko umbali gani kutoka kwenye hilo shimo? Jibu hilo kabla fundi hajarudi kesho.