Ufunguo wa kibubu akae nao nani?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nauza uji na maandazi karibu na stendi. Kila jioni natenga shilingi 2,000 za vyandarua na dawa za watoto, nazifunga kwenye pindo la khanga. Wiki haiishi, hela hakuna: leo wifi kaja kukopa, kesho mchango wa msiba. Mume wangu anasema sina nidhamu ya pesa. Dada yangu anataka ninunue kibubu, ufunguo akae nao yeye. Nikubali? – Mama N., Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kibubu nunua, ufunguo usimpe.

Wachumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walilijaribu jambo hilihili magharibi mwa Kenya, kwa wanachama wa vikundi 113 vya upatu. Vikundi viligawanywa kwa kura. Wapo waliopewa kisanduku cha chuma chenye tundu la kutumbukizia hela, pamoja na kufuli na ufunguo wao wenyewe. Wengine walipewa kisanduku kama hicho, ila ufunguo ulibaki kwa mtu wa mradi mpaka hela ya kitu walichokusudia itimie. Baada ya mwaka, walioshika ufunguo wao walikuwa wametumia kwa vyandarua, dawa ya maji na kinga nyingine angalau asilimia 66 zaidi ya walioishia kuhimizwa tu kuweka akiba. Wale wa ufunguo wa mbali, kwa wastani, hawakusogea.

Mimi halinishangazi. Mwanangu wa pili alipandwa na homa usiku, na ufunguo wa kisanduku changu ulikuwa kwa mama mkwe, ng'ambo ya mto. Nilivunja kufuli kwa mchi, mtoto yuko mgongoni. Tangu siku ile sikutia humo hata senti. Nani atafungia hela asiyoweza kuifikia mtoto akiugua?

Utauliza, ufunguo ukiwa kiunoni mwangu, kisanduku kinazuia nini? Kinaipa hela jina. Iliyo kwenye pindo la khanga ni hela tu, na wifi anaiona kila ukifungua kumrudishia mteja chenji. Iliyo kwenye kisanduku ni ya chandarua, na unaweza kumwambia wifi bila kusema uongo: "Sina, iliyopo ina kazi yake." Kwa hiyo mumeo anakosea. Hukukosa nidhamu, ulikosa mahali pa kuiweka. Andika CHANDARUA juu ya mfuniko kwa rangi ya kucha, herufi kubwa, naye aione.

Kama uko kwenye upatu, zungumza na wenzako mwongeze chungu cha pili, yaani mchango mwingine wa zamu, wa afya peke yake. Kule Kenya vikundi vilivyofanya hivyo vilizidi hata wenye visanduku: matumizi yao ya kinga yalipanda zaidi ya mara mbili.

Michango ya misiba itoe kabla hujatenga zile 2,000. Na dada yako usimkatae kwa ukali, nia yake njema. Mwombe akusindikize kwa fundi wa mabati, ila kufuli chagua wewe.