Maswali na Majibu: Msongamano wa Nyani, Kima na Sokwe Porini

Nimepita barabara ya msitu wa Pugu asubuhi kadhaa nikihesabu makundi ya kima. Je, nigawanye idadi hiyo kwa eneo la msitu? (Mwanafunzi, Ubungo)

Hapana. Swali hili huletwa kila muhula, na huletwa kazi ya porini ikiwa imekwisha, wakati ambapo ushauri hauwezi tena kuziokoa takwimu. Msongamano, yaani idadi ya wanyama kwa kila kilomita ya mraba, hupatikana kwa kujua urefu wa mikuza (njia nyoofu za kuhesabia) uliyotembea na umbali, uliopimwa kwa pembe mraba, kutoka kwenye mkuza hadi katikati ya kila kundi, kwa sababu umbali huo ndio unaoonyesha upana halisi wa eneo ulilolikagua. Wengi hupima hadi kwa kima wa kwanza kuonekana, ambaye mara nyingi ndiye aliye karibu zaidi, na hivyo makadirio hupanda isivyo halali. Mikuza ipangwe kwa bahati nasibu na ikate mabonde na vilima. Barabara hufuata njia rahisi, na wanyama huizoea au huikwepa. Lenga kuyaona makundi 60 hadi 80. Ukipata machache, taja idadi ya makundi kwa kila kilomita uliyotembea, na usiuite msongamano. Jihadhari pia na misitu yenye uwindaji, kwani kima wanaokimbia kabla hujawaona hushusha makadirio.

Ndege nyuki yenye kamera ya joto haitoshi?

Haitoshi: chini ya majani yaliyofungamana haiwaoni wanyama wengi, na kazi isiyokadiria idadi ya waliokosekana haitoi msongamano.

Komba wa msitu wa Pande wahesabiwe vipi?

Usiku, kwa tochi, kwa mwendo wa taratibu na kwa masikio. Mng'ao wa macho hautoshi kutenganisha spishi. Komba mdogo wa Rondo, aliye hatarini kutoweka, hutambulika kwa uhakika zaidi kwa mlio wake.

Je, sokwe mtu wa Gombe huhesabiwa kwa viota? (Mwalimu, Kigamboni)

Hapana. Sokwe wa Kasekela, kundi la Gombe lililozoea watu, hutambuliwa mmoja mmoja, kazi iliyoanzishwa na mtafiti Jane Goodall mwaka 1960. Viota vyao vya kulalia huhesabiwa pale ambapo sokwe hawajawazoea watu, na hapo ndipo uzembe unapogharimu. Chukua mfano wa viota 200 kwa kilomita moja ya mraba, kila sokwe akijenga kiota 1.1 kwa siku. Kiota kikidumu siku 100 kabla ya kuoza, gawanya 200 kwa 1.1 mara 100, nawe utapata sokwe 1.8 kwa kilomita ya mraba. Kikidumu siku 200, utapata 0.9. Muda huo hubadilika kwa mvua na aina ya mti, lakini bado ninasoma ripoti zilizoazima kipimo cha msitu mwingine, wenye mvua tofauti, na kukipeleka kwa wanaopanga mipaka ya hifadhi. Pima uozaji wa viota hapohapo, au rudia mikuza ileile mara kwa mara na uhesabu viota vipya pekee, vilivyojengwa katika kipindi unachokijua. Na kumbuka kwamba watoto wanaolala na mama zao hawamo katika hesabu hiyo.