Jumapili yangu ilikuwa na kazi kuliko Jumatatu

Mwaka juzi, Jumapili moja ya mwezi wa nane, nilimsahau mtoto wangu kanisani.

Si kwa dakika kumi. Zilipita karibu saa mbili. Nilikuwa nimeimba ibada ya kwanza na ya pili, nikabaki kwenye mazoezi ya kwaya, halafu nikarukia bodaboda hadi Sinza kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzangu. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Tulikuwa katikati ya ubishi wa bei ya sahani moja ya chakula mume wangu alipopiga simu kuuliza, "Mtarudi saa ngapi na mtoto?" Miguu ilikufa ganzi.

Nilimkuta kwenye kibanda cha mlinzi getini, anatafuna karanga. Hakuwa analia. Angelia ningepata nafuu. Aliniangalia tu, akasema, "Nilijua uko kikaoni." Alikuwa na miaka saba.

Nimezaliwa Mlutheri, nimekulia Sunday school, amri kumi nilizikariri kipaimara bila kukosea hata neno. "Ikumbuke siku ya Sabato uitakase." Na kwa miaka mingi niliamini naitakasa, maana siku nzima nilikuwa kwenye mambo ya Mungu au ya watu wa Mungu. Kuamka saa kumi na moja alfajiri, kupiga pasi joho, ibada mbili, mazoezi, kikao, vicoba saa kumi, kurudi nyumbani kufua sare za shule, kupika, kulala saa sita. Jumatatu nikifika ofisini nilishukuru Mungu kwa kunipa kiti cha kukalia. Mhasibu anayekimbilia kazini kupumzika, hilo peke yake lilitosha kunishtua, lakini sikushtuka mpaka siku ya karanga.

Aliyenifundisha siyo mchungaji. Ni jirani yangu hapa Kimara, Mpare wa Same, Msabato tangu enzi za bibi yake. Usabato uliingia Upareni mwaka 1903 na wamisionari wa Kijerumani, kwa hiyo kwao ni mambo ya vizazi, si ya kujaribu. Miaka yote nilikuwa namwonea huruma, nikidhani Jumamosi kwake ni siku ya kukatazwa. Sikuwahi kuangalia Ijumaa yake. Ijumaa nyumba ile ndiyo yenye pilikapilika kuliko zote mtaani. Maharage yako jikoni tangu mchana, chapati zinaingia kwenye hotpoti, nguo zimeanuliwa na kupigwa pasi, viatu vya watoto vimepakwa rangi na kupangwa barazani kwa ukubwa. Jua likizama, kimya. Unasikia wanaimba mstari mmoja mmoja, basi.

Ijumaa hiyo wenyewe wanaiita siku ya maandalio. Neno hilo limo kwenye Injili ya Marko, pale Yusufu wa Arimathaya anapouomba mwili wa Yesu, na mimi nilikuwa nalisikia kila Ijumaa Kuu linapita tu. Nilipomweleza yaliyonikuta alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Pumziko linapikwa, mwenzangu. Usipolipika jana, leo utakula nini?"

Nikarudi kwenye Kutoka sura ya 16 kwa macho mengine. Mana, kile chakula Waisraeli walichopewa na Mungu jangwani, ilianguka siku sita, na siku ya sita watu waliokota pishi mbili badala ya moja, wakapika na kuoka siku hiyohiyo. Tena haya yako kabla ya Sinai. Amri yenyewe inakuja sura nne baadaye. Yaani Mungu aliwafundisha kupika kiporo kwanza, sheria ikafuata.

Jambo la kwanza nililobadilisha lilikuwa saa. Nilikuwa nahesabu Jumapili kuanzia alfajiri, na ndiyo maana ilianza kwa mbio. Sisi Waswahili tuna hesabu nzuri zaidi tuliyoanza kuisahau. Wazee wa pwani wakikwambia "usiku wa Ijumaa" wanamaanisha usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, kwa sababu siku kwao inaanza jua likizama. Na ndivyo Mwanzo sura ya 1 inavyohesabu, ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja. Siku inaanza kwa kulala. Nikaamua Jumapili yangu ianze Jumamosi saa kumi na mbili na nusu jioni.

Jumamosi ya kwanza nilishindwa vibaya. Saa sita usiku nilikuwa bado napiga pasi na nyama haijaiva. Ya pili, saa tano. Ya tatu umeme ukakatika, nikakaa gizani kwenye kochi na rundo la nguo miguuni, nikajiuliza nguo zote hizi ni za nani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shida yangu haikuwa ratiba. Nilikuwa na vitu vingi kuliko siku sita zinavyoweza kubeba, na hakuna Sabato inayoweza kukaa juu ya mzigo wa namna hiyo. Watu wengi wanaoniomba ushauri wanataka nianzie kwenye siku ya saba. Mimi nawarudisha kwenye zile sita.

Nilifungua kabati. Nilikuwa na sare kumi na nne za vitenge, kila moja na harusi yake au send-off yake, na nyingi nilizivaa mara moja. Kila sare ni hela ya kitambaa, hela ya fundi, safari mbili za kwenda kupimwa, na ugomvi mmoja wa mkono uliobana. Nilibakiza tatu, nyingine nikazipeleka kijijini kwa dada zangu. Tangu hapo nikialikwa natoa mchango, ila sishoni. Mara ya kwanza nilikaa na gauni la kawaida kati ya wanawake ishirini waliofanana, nikajiona kama mwanafunzi aliyesahau sare. Mara ya pili hakuna aliyeangalia, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kwenye michango nilipata taabu zaidi, maana kwetu kuchangia ni utu na asiyechangia ataozesha peke yake. Sikuacha. Nilichoacha ni kamati. Nachangia ndugu, na watu ambao nimewahi kula kwao wakala kwangu, natuma hela mapema, na mweka hazina wawe wengine. Makundi ya WhatsApp nilijitoa kumi na moja kwa mkupuo mmoja usiku wa manane kama mwizi. Wawili walinuna. Mmoja alinifuata inbox akaniuliza nilifanyaje.

Na chakula cha Jumapili. Nyumbani kwetu kilikuwa pilau, kuku, kachumbari, matunda, juisi ya kusaga, na wageni. Sasa ni maharage ya nazi ya Jumamosi, wali wa kupasha, na mboga ya majani iliyokwishachambuliwa. Mgeni akija anakaribishwa hicho hicho. Ilibidi nisome upya habari ya Martha, yule aliyehangaika na kuhudumia Yesu alipofika nyumbani kwake, ili niweze. Nilikuwa namtetea sana Martha, maana bila yeye wangekula nini? Lakini Yesu hakumwambia asipike. Alimwambia anasumbuka "kwa ajili ya vitu vingi." Labda sahani moja ingetosha.

Sasa nije kwenye sehemu inayoniuma kuiandika. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nimekaa barazani Jumapili mchana nafurahia pumziko langu, na dada yetu wa kazi yuko jikoni anaosha vyombo. Sikuona tatizo. Ni jirani tena, bila hata kunilaumu, aliyeuliza, "Na yeye yake ni lini?" Nikaenda kusoma amri yote, siyo ule mstari wa kipaimara. Inataja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama, mpaka mgeni aliye ndani ya malango. Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inatoa na sababu: kumbuka kwamba na wewe ulikuwa mtumwa Misri. Hata ukiiweka Biblia pembeni, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate angalau saa 24 za mapumziko kila wiki, na dada wa nyumbani ni mfanyakazi kama mimi. Sasa kuanzia Jumamosi jioni hana kazi; anaondoka jioni hiyo au Jumapili asubuhi, anavyotaka, anarudi Jumapili jioni, mshahara uleule. Vyombo tunaosha wenyewe. Ukinifuata ushauri mmoja tu katika haya yote, fuata huu, na uufuate kabla ya kuanza kutafuta mistari ya kujipumzisha mwenyewe.

Simu ilinipa vita ya aina yake. Kuna mahali kwenye Nehemia sura ya 13 panapochekesha. Nehemia aliamuru malango ya Yerusalemu yafungwe giza likianza kuingia kabla ya Sabato, akaweka watu wake walinde. Wafanyabiashara hawakurudi makwao. Walilala nje ya ukuta mara moja au mbili, wakisubiri huenda lango litafunguliwa, mpaka akawatishia. Ndivyo simu ilivyo. Ukiizima, kila kitu kinakuja kulala mlangoni kikikusubiri, na wewe ndani unajua kimelala pale. Jumapili tatu za kwanza mkono wangu ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe.

Wengi watasema, na misiba je? Ni swali la haki. Kwetu kukosa taarifa ya msiba siyo jambo la kuomba radhi kirahisi. Nilichofanya ni kutoa kiswaswadu changu cha zamani, simu ndogo ya vitufe, kwenye droo. Namba yake wanayo mama, wadogo zangu, na mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Ile kubwa inazimwa na kuwekwa juu ya kabati la vyombo. Katika mwaka mzima kiswaswadu kimelia Jumapili mara nne, na zote zilikuwa za kweli.

Kwaya sijaacha, naimba ibada moja. Kiongozi wetu hakufurahi, na sauti ya pili imepungua kidogo, nakiri. Mume wangu alikubali kila kitu isipokuwa mpira. Tulibishana mpaka nikachoka, tukafikia kwamba Yanga ikicheza Jumapili aende akaangalie, yeye kupumzika kwake ni kupiga kelele. Watoto wanacheza rede nje. Mimi nasoma zaburi moja polepole, nalala mchana bila kuomba msamaha, jua likipoa tunatembea mpaka kwa bibi yao na miwa mkononi. Ukitegemea nikuelezee maono, hakuna. Mara nyingi nachoshwa kidogo saa tisa hivi. Nimejifunza kutokimbia hiyo saa.

Kwa muuguzi, askari au dereva ambaye zamu yake iko Jumapili, sina mengi. Yesu mwenyewe alimnyoosha siku ya Sabato yule mama aliyekuwa amepinda miaka kumi na minane. Chagua Jumanne yako uilinde. Wachungaji wengi wanapumzika Jumatatu na hakuna anayewashangaa.

Lakini kwa wenye biashara ndogo sitaki kudanganya. Rafiki yangu anauza maandazi na chai stendi, na Jumapili ndiyo siku iliyokuwa inamlipa vizuri. Alifunga Jumapili baada ya kunisikia mimi. Nimesikia mahubiri yanayosema Mungu atakurudishia mara mbili kufikia Jumatano. Kwake haikuwa hivyo. Alipungukiwa, akabadilisha, sasa anauza mpaka saa nne asubuhi halafu anafunga, na mwanaye mkubwa amejifunza kukanda unga Jumamosi usiku. "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu," na huyu naye ni mwanadamu mwenye kodi ya pango.

Jumamosi hii kuna kitchen party ya binamu yangu. Mchango nilituma tangu mwezi uliopita, sare sijashona, na nimeshawaambia kwamba jua likielekea kuzama mimi naaga. Shangazi alipopata habari alipiga simu kwa ukali, akasema, "Siku hizi umekuwa Msabato?" Nilimsimulia jirani yangu nikidhani tutacheka pamoja. Alicheka kweli, akaendelea kuchambua mchele wake, kisha akasema, "Bado. Siku yenyewe hujaipatia."