Fedha za Upatu na Mkopo wa Nyumba Ohio

Nyumba yangu ya kwanza niliinunua Columbus, Ohio, kwa dola 200,000, na kilichoninyima usingizi hakikuwa bei wala riba, bali dola 4,000 za upatu. Tulikuwa wanawake kumi, kila mmoja akitoa dola 400 kwa mwezi; zamu yangu ilipofika nilipokea noti mkononi na kesho yake nikazipeleka benki. Afisa wa mikopo alipoziona katika taarifa ya akaunti aliniuliza zimetoka wapi, na nilipomweleza akasema haziwezi kuhesabiwa katika kianzio, yaani fedha anazotanguliza mnunuzi. Naandika kwa sababu nimewaona ndugu zetu kadhaa wakikata tamaa papo hapo na kuendelea kuishi nyumba za kupanga, ilhali kanuni iko upande wao.

Mkopo nilioomba ni ule unaowekewa bima na FHA, idara ya serikali kuu ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1934. FHA haimkopeshi mnunuzi. Humlinda mkopeshaji dhidi ya hasara mkopaji akishindwa kulipa, na kwa kinga hiyo benki hukubali kianzio cha asilimia 3.5 kwa mwenye alama za krediti, yaani alama zinazoonyesha jinsi mtu anavyolipa madeni yake, kuanzia 580. Kwangu mimi hizo zilikuwa dola 7,000.

Aliyeniokoa ni mshauri wa shirika lililoidhinishwa na wizara ya nyumba, HUD. Alinionyesha kwamba kitabu cha kanuni za FHA kinavitambua waziwazi vyama binafsi vya kuweka akiba, mradi kuwe na daftari la hesabu, stakabadhi na uthibitisho wa mweka hazina. Mweka hazina wetu, mama mmoja wa Tanga, alikuwa ameandika kila kitu kwa kalamu ya bluu: tarehe, jina, kiasi na sahihi ya aliyepokea, na ukurasa wa zamu yangu ulikuwa na doa la mafuta ya maandazi pembeni. Kurasa zile zilitafsiriwa kwa Kiingereza, mama akaandika barua ya kuthibitisha, na baada ya wiki tatu za maswali fedha zikakubaliwa. Kwa hiyo, kama mna upatu au chama, wekeni kumbukumbu za maandishi tangu mwezi huu, na zamu ilipwe kwa hundi au kwa kuhamisha benki. Ndugu akikusaidia, atie sahihi barua ya zawadi inayosema hatadai kurudishiwa. Kama anadai, huo ni mkopo, na lazima uutaje.

Pamoja na hayo nilichukua msaada wa jimbo. Wakala wa nyumba wa Ohio, OHFA, humpa mnunuzi wa mara ya kwanza asilimia 2.5 au 5 ya bei, kwa ajili ya kianzio na gharama za kukamilisha ununuzi, ingawa hudai alama za krediti za juu kuliko 580. “Mara ya kwanza” maana yake ni kutomiliki makazi yako kwa miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo hata aliyepoteza nyumba kwa talaka anaweza kurudi. Nilichukua dola 5,000. Msaada huo huhesabiwa kuwa deni linalofutwa baada ya miaka saba, lakini ukiuza nyumba au kubadilisha mkopo (kuchukua mpya wa kulipa ule wa zamani) kabla ya hapo, unalirudisha lote.

Hapo ndipo ningependa msomaji atulie. Bima ya FHA hulipwa na mkopaji: asilimia 1.75 ya mkopo mwanzoni, kisha kwa mkopo kama wangu asilimia 0.55 kila mwaka, karibu dola 88 kwa mwezi. Na kwa anayetanguliza chini ya asilimia 10, hudumu maisha yote ya mkopo. Njia ya kawaida ya kuikwepa ni kubadilisha mkopo, na kufanya hivyo mapema kunakulazimu kurudisha msaada wa jimbo. Mimi nimeamua kuilipa bima hadi miaka saba ipite, na hesabu hiyo niliifanya kabla ya kutia sahihi.

Tangu tarehe 25 Mei 2025 FHA haiwekei tena bima maombi mapya ya mikopo ya wakaazi wasio wa kudumu. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, bado anastahili. Muulize mshauri kuhusu hadhi yako ya ukaazi kabla hujaanza kutembelea nyumba, na siku ya miadi nenda na taarifa za benki za miezi miwili, hati za mshahara, na lile daftari.