Besi Kuukuu: Anza na Shingo, Jina Baadaye

Nina besi nne za umeme, yaani magitaa ya sauti nzito. Iliyo changa kuliko zote ni ya miaka ya 1980, na ukijumlisha nilichotoa kwa zote nne hupati bodaboda mpya. Natanguliza hilo kwa sababu wageni wakizikuta zimejipanga sebuleni kwangu hapa Ngamiani, Tanga, hudhani nina fedha za kuchezea. Sina. Mchana nauza vipuri vya baiskeli, Ijumaa na Jumamosi napiga kwenye harusi, na kila besi niliyo nayo lazima itoke ikafanye kazi.

Vijana wanaoanza huniuliza majina. Kaka, nichukue Fender au Yamaha? Na hii yenye jina nisilolijua? Jina liache kwanza. Nunua shingo. Pikapu ikifa (nasema ile sumaku yenye koili chini ya nyuzi, si gari la kubebea mchanga), fundi redio mwenye subira anaweza kuifufua. Vitufe vya sauti vikikwaruza, dawa ya kupuliza kidogo na kuzungushazungusha, basi. Funguo za kukazia nyuzi zikilegea hubadilishwa. Rangi ni pambo tu. Lakini shingo iliyopinda ikagoma kurudi, au iliyojinyonga kama ubao mbichi ulioachwa juani, hiyo kuirudisha kutakugharimu kuliko gitaa lenyewe.

Ninavyoipima ni hivi. Kandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), na kwa mkono wa pili ukandamize pale shingo inapoungana na mwili. Uzi sasa umekuwa rula. Tazama katikati, freti ya 7 au ya 8: panatakiwa pabaki upenyo mdogo, vocha ya simu ya kukwangua ipite kwa kugusagusa. Ikipita sarafu ya shilingi 200 bila kugusa kitu, shingo imeinama, na swali ni kama inainuka. Uzi ukilala juu ya freti bila upenyo wowote, shingo imebinuka nyuma. Kisha lishike gitaa kama seremala anavyokagua ubao, jicho moja limefungwa, utazame kingo mbili za shingo. Zisipokwenda sambamba, rudisha gitaa, shukuru, omba maji ya kunywa, ondoka.

Baada ya hapo piga kila freti ya kila uzi, moja moja. Muuzaji atanuna, mwache anune. Halafu toa futi ya fundi cherehani. Besi ndefu ya kawaida ina inchi 34 za uzi unaotetemeka, kwa hiyo toka kifupa cha juu (pale nyuzi zinapotokea kichwani) hadi freti ya 12 upate 17, na toka freti ya 12 hadi darajani (pale nyuzi zinapokaa mwilini) upate 17 na chembe. Besi fupi ni 30, yaani 15 na 15 na chembe. Vipimo vikipishana sana, ama daraja limehamishwa ama shingo imetolewa kwenye gitaa jingine, na hiyo besi ukipanda nayo juu itaimba wimbo wake peke yake.

Haya nimeyajua kwa kuumia. Besi yangu ya kwanza niliinunua Chumbageni kwa mzee mmoja aliyekuwa ameiweka stoo, imezungushiwa kanga. Fupi, nyepesi, imejaa swichi kama dashibodi ya basi, haina jina lolote kichwani.

"Shikamoo mzee. Hii mwisho ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Laki mbili na nusu, na kanga unaniachia."

Tuliishia laki moja na themanini. Nyuma, pale shingo inapofungwa kwa skrubu nne, kulikuwa na kibati cha chuma kimeandikwa kwa Kiingereza Steel Reinforced Neck, na chini yake Japan. Nilifurahi kuona neno chuma. Nilichokuwa sijajua ni kwamba chuma hicho kimezikwa humo ndani moja kwa moja, hakina pa kukazia wala kulegezea. Mwaka wa pili shingo ikaanza kuinama. Nikaja na spana ya alenki mkononi, nikaizunguka ile shingo juu na chini nikitafuta tundu la kuiingiza. Hakuna.

Kwa hiyo ukikuta besi ya Kijapani ya zamani, soma kibati. Kikiandikwa Steel Adjustable Neck, maana yake ndani mna nondo inayorekebishika, na mara nyingi kibati hicho ni dalili ya kiwanda cha Matsumoku cha mji wa Matsumoto, kilichofungwa mwaka 1987. Matsumoku walitengenezea watu wengi: Aria Pro II, Westone, Vantage na wengineo. Ndiyo maana besi mbili zenye majina tofauti kichwani zinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na yenye jina lisilojulikana ikauzwa nusu ya bei ya mwenzake. Hapo ndipo mnyonge anapopata. Aria yangu ya kutoka kwenye mzigo wa mtumba niliipata kwa laki tatu na nusu, imekwaruzwa mwili mzima kama mlango wa daladala, na shingo yake imenyooka mpaka leo.

Ile fupi sikuitupa. Niliifunga nyuzi nyembamba, nikaishusha sauti hatua moja nzima, shingo ikapumua. Inakoroma kidogo, ina sauti ya mviringo isiyo na kucha, na kwenye taarabu hakuna kati ya nne inayoigusa. Tanga hili jambo tunalielewa. Black Star Musical Club walipoingiza gitaa la besi la umeme kwenye taarabu miaka ya 1960, walikuwa wanabadilisha kitu kilichozoeleka kwenda na vinanda vya kukokota upinde. Sauti iliyotakiwa ilikuwa ya kusukuma taratibu. Ukitaka kupiga mdundo wa dansi ule wa bendi za Atomic au Jamhuri Jazz, besi ikitembea na kurukaruka kati ya magitaa ya solo na rithimu, hapo utataka uzi mrefu zaidi, unaokaza na kutamka kila noti. Kwa hiyo ukinisikia nasema besi fulani ni nzuri, niulize nzuri kwa kupigia nini.

Kuhusu kulinganisha: zipige zote siku moja, amplifaya moja, vitufe vyote vimefunguliwa hadi mwisho, wimbo mmoja. Na ziwe na nyuzi zinazolingana umri. Niliwahi kuikataa Yamaha ya mfululizo wa BB kwa sababu ilisikika kama imefunikwa godoro. Zilikuwa nyuzi tu, zimekufa kwa kutu. Kijana mwingine akaichukua, akaifunga nyuzi mpya, na wiki mbili baadaye nikaisikia ukumbini. Nilikunywa soda yangu kimya. Yamaha niliyo nayo sasa niliilipia laki saba, ndiyo ghali kuliko zote, na ni adhabu yangu kwa siku ile.

Nyuzi mpya za besi ni bei na kwa kawaida naagiza Dar, kwa hiyo ukiwa unakagua gitaa lenye nyuzi zilizokufa, zichemshe. Sitanii. Dakika kumi ndani ya maji yanayochemka hutoa mafuta na jasho, na sauti hurudi kwa wiki kadhaa. Tafuta sufuria yako mwenyewe. Mimi nilitumia ya wali, na suala hilo nyumbani halijafungwa.

Ya nne ni Musima, kutoka Markneukirchen, iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Nzuri kuitazama, nzito kuibeba, funguo zake zinateleza ukipiga kwa nguvu. Naipenda bila sababu ya maana. Usinifuate katika hili.

Sasa Fender. Besi ya kwanza ya Precision ilitoka mwaka 1951, Jazz Bass ikafuata 1960, na kampuni ikauzwa kwa CBS mwaka 1965. Za miaka hiyo, zikiwa halali, ni bei ya kiwanja. Kwa hiyo mtu akikuletea Fender ya mwaka 1972 kwa laki nne, jiulize kwa nini amekupenda hivyo. Mimi sikujiuliza. Dalali mmoja aliniletea jioni, taa hafifu, maelezo marefu kuhusu meli na baharia wa Kigiriki. Nilimpa fedha. Asubuhi nikapitisha kitambaa chenye spiriti kidogo kichwani kufuta uchafu, na neno Fender likaja lote kwenye kitambaa. Chini yake mbao tupu yenye alama ya gundi. Ilikuwa nakala ya Kikorea, shingo nzuri kabisa, thamani yake laki mbili. Niliiuza kwa bei hiyo nikimweleza mnunuzi kila kitu, na hasara nikaimeza. Tangu siku hiyo sinunui gitaa usiku.

Ukifungua shingo kwa ruhusa ya muuzaji, angalia matundu ya skrubu. Matundu mapya pembeni ya ya zamani yana hadithi. Na kama shingo imegundishwa badala ya kufungwa kwa skrubu, bei ishuke sana au uache, maana ya skrubu unaweza kuirekebisha pembe yake kwa kipande cha kadi, ya gundi huwezi.

Hewa yetu ya chumvi nayo ina mkono wake. Kila ukimaliza kupiga, pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Usiegemeze gitaa kwenye ukuta unaopigwa na jua la saa tisa, wala usiliache kwenye buti la gari ukienda Muheza. Kifupa cha juu kikilika, usisubiri cha dukani: fundi wangu huchonga cha mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukaushwa, kwa shilingi elfu kumi. Nilimwomba mara moja anichongee cha mpingo kwa ajili ya fahari. Kilipasuka kwenye mfereji wa uzi mnene mwezi wa pili.

Kuna besi ya tano, lakini si yangu. Iko kwa mzee mmoja Makorora, aliyepiga enzi hizo na sasa vidole vimekakamaa. Kila Jumapili napeleka kashata, tunakunywa kahawa, naiomba niishike. Hajawahi kutaja bei na sijawahi kuuliza. Wiki iliyopita nilipima: 17, na 17 na chembe. Kibati cha nyuma kimefunikwa na rangi ya mafuta, mtu alikipaka kijani pamoja na mlango. Nilimwambia, "Baba, nikikwangua hapa kidogo utakasirika?" Akacheka, akasema rangi ile alipaka mwenyewe. Jumapili hii naenda na wembe.