Jiwe la figo: aache maziwa au asiache?

Dada wa Faza uliyeuliza, pole sana kwa mumeo. Umesema picha ya hospitali imeonyesha jiwe la milimita 4 kwenye figo na majirani washamkataza maziwa kwa sababu jiwe ni kalisiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye maziwa. Tafadhali usimkataze! Mimi niko hapa Lamu mjini, jiwe limenitoka likarudi, na hili la maziwa daktari alikaa chini akanifahamisha vizuri.

Mawe mengi ni kalisiamu iliyoshikana na okzaleti, kemikali ambayo twaipata kwa mchicha, karanga, hata chai ya rangi. Sasa ukinywa maziwa au mtindi pamoja na chakula, ile kalisiamu yaikamata okzaleti huko huko tumboni na vyote vyatoka chooni, ukiacha maziwa okzaleti yaingia damuni bila kizuizi mpaka kwenye figo. Waitaliano walijaribu kwa wanaume 120 waliokuwa wakirudiwa na mawe, wakawafuatilia miaka 5, matokeo yakatoka 2002: waliopunguziwa kalisiamu 23 kati ya 60 walipata jiwe tena, wale walioachiwa kalisiamu yao ila wakapunguza chumvi na nyama ni 12 kati ya 60. Hiyo si tofauti ndogo wallahi.

Adui hasa ni chumvi, maana yasukuma kalisiamu kwenye mkojo. Na sisi watu wa visiwani twaipenda, ng'onda, achari, wali umekolea na bado mtu aongeza mezani. Hapo ndo pa kumbana mumeo. Samaki pia asijaze sahani kila mlo, protini ya samaki ni kama ya nyama tu kwa jambo hili.

Maji: lengo ni mkojo ufike lita 2 na zaidi kwa siku. Kwa mvuvi anayeshinda juani hilo lataka dumu lake mwenyewe ndani ya mashua, asitegemee chai ya jioni. Akamulie ndimu humo, sitreti yake yasaidia kuzuia mawe, lakini asitie chumvi.

Milimita 4 mara nyingi latoka lenyewe. Akojoe kwenye kopo kisha amimine kwenye kichujio cha chai (kipya, kiwe chake peke yake). Langu lilikuwa la kahawia, dogo kuliko punje ya mchele, lina ncha ncha ukiligusa, nikalitia kwenye kichupa kikavu nikalipeleka maabara. Msilitupe, kwa sababu jiwe la asidi ya yuriki lina dawa ya kuliyeyusha na la okzaleti halina, so lazima lijulikane ni la aina gani.

Maumivu yakishika, sindano ya diklofenaki hufanya kazi sana, ila aseme kwanza kama ana vidonda vya tumbo au figo zake ni dhaifu. Na akipata homa na kutetemeka, au mkojo ukikata kabisa, usingoje boti ya asubuhi, kodini mashua usiku huo huo mumlete hospitali.