Usiipoze fuwele kwa pupa

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye maabara za baridi kali, nawaomba jambo moja: msiipoze fuwele kwa pupa.

Mimi nilianza na fuwele za BEDT-TTF, molekuli ya kaboni, salfa na haidrojeni inayojipanga tabaka juu ya tabaka. Kati ya tabaka hukaa chumvi ya shaba yenye klorini au bromini. Ni vipande vyeusi vinavyong'aa, vidogo kama chembe ya sukari, na unavibandika nyuzi nne za dhahabu huku umebana pumzi.

Yenye klorini, ikiachwa ilivyo, inagoma kupitisha umeme. Chini ya kelvini 27 hivi (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanzia sifuri kwenye baridi ya mwisho kabisa) elektroni zake hujipanga kisumaku, hii ikielekea juu na jirani yake chini. Ibane kwa kanieneo ya takriban mara 300 ya hewa, usumaku unaondoka na fuwele inakuwa superkondakta, yaani inapitisha umeme bila ukinzani wowote, kwenye kelvini 13 hivi. Yenye bromini haihitaji kubanwa. Hali hizi mbili, usumaku na usuperkondakta, zinaishi nyumba moja, ukuta kwa ukuta.

Nilipewa ya bromini ambayo haidrojeni zake zilibadilishwa kwa deuteri, haidrojeni nzito, na hiyo husogea hadi ukutani kabisa. Jioni ile nilikuwa nawahi basi la mwisho, nikaishusha haraka. Asubuhi ukinzani ulikuwa umegoma kufika sifuri. Nikamwambia msimamizi wangu fuwele imekufa.

"Irudishe kwenye joto la chumba," akasema, "kisha ishushe polepole, hasa ukikaribia kelvini 80."

Kwenye ncha za molekuli kuna vikundi vya etilini vinavyoyumba, na kwenye kelvini 80 hivi ndipo vinapotulia. Ukipita mbio vinaganda shaghalabaghala, fuwele ikaegemea upande wa sumaku. Safari ya pili nilikesha nayo, sehemu ya kumi ya kelvini kwa dakika nilipokaribia 80. Mchoro wa ukinzani ukaanguka hadi sifuri, fuwele ileile.

Grisi ya kushikilia nayo iwe kiduchu, maana ikiganda inaibana fuwele bila wewe kujua. Wala msimkubalie anayesema sumaku ni adui wa superkondakta siku zote. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walionyesha kwamba chumvi ya BETS, molekuli ndugu ya BEDT-TTF, yenye chuma huwa superkondakta ndani ya uga wa sumaku wa takriban tesla 17 na zaidi (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga huo), ukilazwa sambamba na tabaka. Uga huo unafuta ule unaotoka kwenye chuma chenyewe.

Kando ya kila mchoro andikeni kasi mliyopozea. Ule wangu wa kwanza hauna, na leo siwezi kuutumia kwa lolote.